Picha za ndege za Audubon darasani Bagamoyo: nizibandue au zibaki?

mwalimu_wa_rangi

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu maana hili jambo limenikaa kichwani. Nafundisha watoto kuchora siku za Jumamosi hapa Bagamoyo, darasa la nne mpaka la saba, wengine wanatoka Magomeni wengine Dunda, na muhula huu tumeingia kwenye ndege. Mimi mwenyewe ndege nimejifunza kwa kukodolea macho kazi za John James Audubon, yule aliyelelewa Ufaransa akaenda Marekani kijana mdogo akaja kuchora ndege wa kule kwa ukubwa wao halisi, picha 435. Zote zipo kwenye intaneti za kupakua bure, kwa hiyo nikaprinti chache nikazibandika ukutani, kuna heroe, kuna bundi, kuna bata mzinga dume, kuna wale kasuku wa kijani na njano waliojazana kwenye mti mmoja wakijigeuza kila upande. Watoto walipagawa kwa kweli. Kuna mtoto kila wiki ndege wake ni vistari viwili tu angani, siku ile alikaa chini anahesabu manyoya ya bawa moja moja.

Sasa mzazi mmoja alipokuja kumchukua mwanae akauliza mchoraji ni nani, nikamwambia. Jumamosi iliyofuata karudi, kasema ameenda kusoma, na huyu mtu alimiliki watumwa na aliwauza. Akaniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, hapa Bagamoyo? Mtoto anapita Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara ya pembe na watumwa, kila siku akienda shule, halafu akifika kwako anakuta kazi ya mwenye watumwa imepewa ukuta mzima?

Kuhusu utumwa nilikuwa nimesoma juujuu, na swali lake ni la haki. Kwa hiyo nauliza mambo mawili. Kwanza, wewe ungefanya nini, ungezitoa au ungeziacha, na mtoto wa miaka kumi na moja unamwambia nini. Pili ni la kiufundi, jamaa aliwapataje wakaonekana wako hai namna ile, maana najua alikuwa anawapiga risasi na sisi hatuendi kupiga ndege wa watu.

babu_wa_kaole

Mwanangu, huyo mzazi mshukuru, usimuone mkorofi. Mimi nimetembeza wageni hapa miaka mingi, Kaole, Ngome Kongwe, Caravan Serai, Misheni, na nilichokiona ni kwamba watoto wetu wanafundishwa utumwa kama kitu cha minyororo na soko la Unguja, soko likafungwa 1873, basi, habari imeisha. Hawaambiwi kwamba ng'ambo ya bahari nyingine kulikuwa na watu wasomi, waungwana, wachoraji, wanaopenda ndege mpaka machozi yanawatoka, na chakula chao na nguo zao zinatoka kwenye jasho la mtu aliyenunuliwa. Huyu Audubon maisha yake yote yamefumwa na hilo, ukimsimulia vizuri mtoto anaelewa ukubwa wa jambo lenyewe.

Anza alipozaliwa, 26 Aprili 1785, Les Cayes, koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo. Baba nahodha wa meli, ana shamba la miwa na watumwa wa kulilima. Mama msichana wa kazi wa Kifaransa, Jeanne Rabine, amefariki mtoto bado ana miezi tu. Mtoto akapelekwa Ufaransa kulelewa na mke wa ndoa wa baba yake karibu na Nantes, na Nantes yenyewe ndiyo bandari ya Ufaransa iliyotajirika kuliko zote kwa kusafirisha Waafrika. Mwaka 1803 baba akamtuma Pennsylvania asije akachukuliwa kwenye jeshi la Napoleon. Akaoa 1808, binti anaitwa Lucy Bakewell, wakahamia Kentucky, akafungua duka, akajenga kinu, biashara ikafa, 1819 akawekwa ndani kwa madeni. Miaka ile ya Kentucky nyumba yake ilikuwa na watumwa kama tisa. Na mambo yalipoanza kumwendea vibaya alishuka mto Mississippi kwa chombo kidogo pamoja na wanaume wawili watumwa wake, walipofika New Orleans akakiuza chombo, akawauza na wao.

Nimeongoza watu wa kila taifa hapa, na ndugu zetu Wamarekani Weusi wakifika Bagamoyo wengi hunyamaza muda mrefu sana. Habari kama hii ya watu wawili kuuzwa pamoja na chombo walichosafiria, nikiwa nimesimama pale ufukweni mimi siwezi kuipita haraka.

Wapo watakaokuambia ndivyo zama zao zilivyokuwa, kila mtu alifanya. Hapana. Mwaka 1826 Audubon amefika Edinburgh, Uskoti, kutafuta wa kumchapia picha. Mwaka huohuo, mji huohuo, kulikuwa na mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, John Edmonstone, akiishi kwa kazi ya kukausha na kujaza ndege, na ndiye aliyemfundisha kijana Charles Darwin kazi hiyo. Yaani mtaalamu mweusi wa ndege yupo mtaa wa pili, anaheshimiwa, analipwa. Waingereza wakapitisha sheria ya kufuta utumwa kwenye makoloni yao 1833. Audubon akamwandikia mke wake 1834 kwamba serikali imekurupuka, imefanya haraka mno. Kwa hiyo hoja alizisikia, watu aliwaona, akachagua upande wake. Mtoto wa miaka kumi na moja hili analielewa bila shida.

Picha usizibandue. Lakini usiziache zinaning'inia peke yake bila maneno.

mama_wawili_dunda

Babu shikamoo, nakuheshimu lakini hapo nakupinga. Ukuta wa darasa kwa mtoto ni mahali pa heshima. Aliyewekwa ukutani mtoto anamuona ni mtu wa kuigwa, ndo maana maofisini tunaweka picha ya Rais na Mwalimu Nyerere. Unaweza kumweleza mtoto maneno ishirini ya utumwa halafu akitoka nje anachokumbuka ni heroe mrembo na jina la aliyemchora. Makumbusho ni sawa, pale mtu anaingia akijua anakuja kusoma habari za zamani. Darasa la kuchora ni kitu kingine, mtoto anakuja na moyo mweupe anataka kupenda kitu.

Na hilo la watumwa halijaishia hapo, kuna la mafuvu. Huyu bwana alikuwa anakusanya mafuvu ya watu, Wahindi Wekundu na wanajeshi wa Mexico waliokufa vitani, akampelekea daktari mmoja wa Philadelphia anaitwa Samuel Morton aliyekuwa anapima vichwa ili aonyeshe mataifa gani yana akili kuliko mengine. Sisi Tanzania tuna mafuvu ya babu zetu mpaka leo yako Ujerumani kwenye makabati na kuna koo bado zinadai. Sasa mtu wa kazi hiyo nimpe ukuta wa mtoto wangu?

Mwalimu, toa. Chukua picha za ndege zilizochorwa na watu wa hapa. Tingatinga alichora ndege kwa rangi ya kopo juu ya hadibodi na watoto wanampenda pia, na wachoraji wako hapo hapo mjini unaweza kumualika mmoja aje akae nao.

fundi_chapa_ngamiani

Niko Tanga, naprinti fulana na mabango hapa Ngamiani, hii ya pili ya kiufundi niachieni mimi maana kazi ya Audubon nimeifuatilia kwa upande wa chapa zaidi ya upande wa ndege.

Kabla yake wachoraji wengi walikuwa wanachora ndege aliyejazwa pamba, amekaa kwenye kijiti, ubavu mmoja, amekakamaa. Na kusema ukweli hakuwa wa kwanza kuchora ndege wa Marekani, Alexander Wilson, mfumaji vitambaa kutoka Uskoti, alishaanza kutoa vitabu vyake 1808 na aliwahi kuingia dukani kwa Audubon kule Louisville 1810 akitafuta wateja. Alichobadilisha Audubon ni mkao. Alikuwa anachukua ndege aliyeuawa muda uleule, rangi ya macho na miguu bado haijafifia, anampitisha waya mwilini, anambana kwenye ubao uliochorwa miraba, anamkunja vile alivyomuona porini, anaruka, anapigana, anamlisha mtoto. Na karatasi yake nayo ina miraba ya ukubwa uleule. Kila mraba wa ubao unaingia kwenye mraba wa karatasi, ndo maana vipimo havikosei na ndo maana ndege ni saizi yake ya kweli. Hii ya miraba mwalimu unaweza kuifanya kesho na huhitaji kuua kitu chochote, chukua kuku wa mtu amefungwa miguu ametulia, weka miraba nyuma yake, watoto wachore.

Kwenye rangi alichanganya, rangi za maji, penseli, chaki za rangi, alikuwa hajali kanuni ya aina moja ya rangi kwa picha moja. Penseli juu ya rangi ya maji ndo inaleta ule mng'ao wa manyoya ya shingoni.

Halafu kuna kitu watu wanakisahau, zile picha unazoziona za kitabu chake cha Birds of America si mkono wake ukafika kwenye karatasi yako. Yeye alichora za asili, halafu kule London mtu anaitwa Robert Havell alizichonga upya kwenye sahani za shaba, mistari kwa patasi ndogo, vivuli kwa asidi inayokula shaba taratibu, ikichapwa inatoka nyeusi tu, kisha makumi ya watu wanakaa mezani wanapaka rangi kwa brashi, nakala moja moja, karatasi ya karibu mita moja kwa sentimita 67, kubwa kuliko manila yenu ya dukani. Kazi ilienda toka 1827 mpaka 1838. Wateja walikuwa wanalipia kidogokidogo, wanapokea picha tano kwa mpigo, moja kubwa, moja ya kati, tatu ndogo, ili mtu asichoke. Seti zilizokamilika hazikufika 200, na moja iliuzwa mnada London 2010 kwa paundi milioni 7 na ushee. Sisi wa chapa tukiona sahani moja ya Havell tunavua kofia.

Na mandhari ya nyuma je? Mimea na maua mengi ya picha za mwanzo kachora Joseph Mason, kijana aliyeondoka naye 1820 akiwa na miaka 13, umri wa watoto wako hao wa darasa la saba. Mimea zaidi ya hamsini, na jina lake halikuwekwa kwenye picha. Mandhari nyingine George Lehman, maua mengine na vipepeo Maria Martin wa Charleston. Maandishi ya kisayansi alisaidiwa na William MacGillivray, Mskoti. Na hata safari ya Uingereza 1826 ilisimama juu ya mgongo wa mke wake, Lucy alikuwa anafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba Louisiana huku yeye yuko porini na bunduki, na ada ya wale watoto babu atakuambia ilitoka shamba gani na kwa jasho la nani.

Kwa hiyo mimi nasema zibaki, lakini chini ya kila picha andika watu wote. Mchora ndege, mchora maua, mchonga shaba, wapaka rangi, na watu waliolima pamba iliyolipa. Ukiandika hivyo hakuna mtu mmoja anayebaki na ukuta peke yake, na mama wawili nadhani hofu yake itapungua.

mama_wawili_dunda

Fundi umeeleza vizuri sana, nimejifunza. Ila watoto hawasomi maandishi ya chini ya picha, wanaangalia picha. Kama mwalimu atasimama nao mbele ya picha akasema kwa mdomo, hapo sawa nitakaa kimya. Ya kuandika tu bado siikubali.

saadani_mpaka_wami

Naongoza watalii wa ndege, niko zaidi upande wa Saadani na mto Wami, nimeona uzi huu usiku nikashindwa kulala bila kuandika maana heroe ndo ndege wangu.

Mwalimu hiyo picha ya heroe uliyobandika iangalie tena na watoto. Mwone shingo ameiinamisha mpaka chini, watu wanadhani ni urembo, ni lazima. Heroe wa Marekani ana zaidi ya mita moja akisimama wima na karatasi ni mita moja, hakuna namna nyingine ya kumuweka saizi yake bila kumkunja. Na huyo hakuchorwa porini. Audubon aliwaona wakiruka Florida 1832, akahangaika kumpata mmoja akakosa, kamchora baadaye sana akiwa London kwa kutumia mizoga iliyohifadhiwa, ndo maana juu ya picha kuna michoro ya midomo na miguu, anaonyesha vipimo alivyovipata mezani. Sisi hapa tuna bahati ambayo yeye hakuwa nayo. Heroe wanashuka kwenye mabwawa ya chumvi upande wa Saadani, unakaa mbali na darubini unawaona wakichuja matope kichwa chini juu. Na heroe mdogo, ile aina ndogo ya hapa kwetu, ana sentimita 80 mpaka 90 hivi, yule anaingia kwenye karatasi ya Audubon wima bila kuinama, wape watoto huo mtihani.

Kuhusu kuua naomba niwe mkali kidogo. Tanzania ndege wa porini hupigi bila kibali, na hata ukimuokota amekufa barabarani, hata manyoya yake, kisheria ni nyara, unahitaji ruhusa. Watoto wasiambiwe waende kukusanya. Nenda nao ukingoni kwenye mikoko maji yakiwa yanatoka, kaa kivulini, wachore yangeyange na korongo wakitembea. Ndege hai hatulii ndo uzuri wake, mtoto anajifunza kushika mkao kwa sekunde chache. Na kunguru wapo kila kona ya mji, wale hawaogopi mtu, wanakaa mita mbili kwako, mtoto anachora mpaka anachoka. Halafu kunguru hawa wa shingo ya kijivu wenyewe ni wageni, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakasambaa pwani yote, na ndege wadogo wa mjini wamepata shida sana kwa sababu yao.

Kisayansi Audubon alikuwa mtazamaji mzuri lakini si wa kuaminiwa kila neno. Aliandika kwamba akiwa kijana kule Pennsylvania aliwafunga vifaranga uzi wa fedha mguuni ili aone kama watarudi mwaka unaofuata, hiyo imesimuliwa miaka na miaka kama ndo mwanzo wa kuwavisha ndege pete Marekani, na sasa hivi kuna mtafiti amepitia tarehe zake anaona hazikai sawa. Kuna tai mmoja mkubwa aliyemuita ndege wa Washington, akasema ni aina mpya, hakuna mwingine aliyempata mpaka leo. Kwa upande mwingine kuna jaribio lake la tai wala mizoga ambalo nalipenda kwa sababu aliwauliza ndege wenyewe. Watu walikuwa wanasema tai wanafuata harufu, yeye akaficha nyama iliyooza wasiione, tai hawakuja, akaweka ngozi ya swala kavu iliyojazwa majani, wakaja kuidonoa. Akasoma matokeo Edinburgh 1826 kwamba ni macho. Watu wakabishana zaidi ya miaka mia moja, mpaka miaka ya 1960 ikathibitishwa kwamba aina ile ya tai wa Marekani kweli inanusa. Lakini tai wetu wa Afrika ni ukoo tofauti kabisa, hawa wetu wanategemea macho, ukiona mmoja anashuka angalia juu utaona wengine wamemuona yeye na wanafuata.

Na mwalimu, wale kasuku wa kijani na njano ukutani, waambie watoto hawapo tena duniani. Wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama Cincinnati 1918. Na njiwa wa kuhama ambao Audubon aliwaona 1813 wakipita angani Kentucky siku tatu mfululizo mpaka jua likafifia, wa mwisho naye alikufa hapo hapo Cincinnati 1914. Kasuku wale yeye mwenyewe aliandika 1831 kwamba wanapungua haraka, na yeye mwenyewe alikuwa anawaangusha kwa wingi. Mimi nikipeleka watu Saadani nawaambia hizi habari za njiwa kwa sababu mtu akiona ndege ni wengi anadhani watakuwepo siku zote.

mwalimu_wa_rangi

Shikamoo babu, na asanteni sana wote, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimemsomea yule mzazi mwenyewe baadhi ya majibu kwa simu, hasa la babu na la mama wawili, na amekubali kuja Jumamosi kukaa na sisi.

Nilivyoamua kwa sasa ni hivi. Picha nazipunguza zibaki mbili, heroe na kasuku, na hazikai ukutani, zinakaa mezani siku ya somo tunazizunguka tunazisoma kwa mdomo kama mama wawili alivyosema, nani kachora nini, pesa ilitoka wapi, wale wanaume wawili wa New Orleans nao nawataja, na kijana Joseph Mason aliyenyimwa jina. Nataka pia habari ya Edmonstone iwemo maana watoto wataipenda. Ukuta wote unabaki wa michoro yao wenyewe. Mchoraji wa Tingatinga wa hapa mjini nimeshaongea naye.

Kuna swali limenibakia, baba mmoja ameniuliza kwa nini Marekani wanamuenzi huyu mtu mpaka chama kizima cha ndege kinaitwa kwa jina lake, na sisi upande wetu mambo hayo yakoje. Nani anajua?

muheza_milimani

Dada mwalimu pole na hongera, hapo naweza kuchangia. Audubon mwenyewe hakuanzisha chama chochote, alifariki New York Januari 1851. Mke wake Lucy alibaki na maisha magumu, akarudi kufundisha watoto, 1863 akaziuza zile picha za asili za mume wake kwa jumba la historia la New York. Mmoja wa wanafunzi wake Lucy alikuwa George Bird Grinnell, na huyo ndiye aliyeanzisha chama cha kwanza cha kulinda ndege kwa jina la Audubon 1886, maana wakati ule wanawake wa mjini walikuwa wanavaa kofia zimejaa manyoya ya ndege, hawa yangeyange weupe walikuwa wanauawa kwa maelfu wakiwa kwenye viota. Chama cha taifa kikaundwa 1905. Kwa hiyo jina la mtu aliyeua ndege wengi likageuka jina la kuwatetea, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibebwa na wanawake, Harriet Hemenway na Minna Hall wa Boston ndo walioamsha vuguvugu upya 1896.

Ule mjadala wenu wa ukutani na wenyewe wanao. 2023 chama cha taifa kilikaa kikaamua kubaki na jina, matawi kadhaa yakagoma, Seattle, Chicago na New York wakajitoa kwenye jina lile. Mwaka huohuo wanasayansi wa ndege wa Marekani wakatangaza watabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege yaliyopewa watu.

Upande wetu linatugusa huku huku mkoa wa Tanga. Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walijenga kituo cha utafiti 1902, Waingereza wakakirithi, na 1928 akaja karani wa hesabu anaitwa Reginald Moreau, hakuwa amesomea ndege chuoni, akakaa mpaka 1946 na kazi yake ya ndege wa Usambara na Uluguru bado inasomwa. Kuna ndege mdogo sana wa msitu wa Usambara Mashariki, mdomo mrefu, nadra kumuona, jina lake la kisayansi Artisornis moreaui, la huyo bwana. Mwingine wa Uluguru yeye mwenyewe alimpa jina la mke wake Winifred 1938. Na bundi mkubwa wa Usambara ana jina la Mjerumani, Vosseler. Vijana waliopanda miti, waliofuata sauti msituni usiku, waliojua kiota kiko wapi, walikuwa Wasambaa na watu wa hapa hapa, na ndege hawa hawana majina yao. Kwa hiyo swali la huyo baba si la Marekani tu.

Walete watoto Amani siku moja kama mtapata usafiri. Ni hifadhi ya msitu toka 1997, kiingilio cha wanafunzi ni tofauti na cha wageni, na kuna waongozaji wa kijijini wanaowajua ndege kwa sauti tu, waombe hao ndio wawe walimu wa siku hiyo na watoto waandike majina yao chini ya michoro.

mama_wawili_dunda

Hilo la majina ya waongozaji chini ya michoro nalipenda sana. Mwalimu wangu atakuwa na nafasi Jumamosi? Nina wawili, mmoja darasa la tano mmoja la sita, wote wanapenda kuchora.

mwalimu_wa_rangi

Walete dada, saa tatu asubuhi, waje na penseli tu, karatasi ninazo. Ila fundi bado nina shida moja, karatasi ya mita moja kwa sentimita 67 naipata wapi, maana nataka heroe mdogo wamchore saizi yake.

fundi_chapa_ngamiani

Huna haja ya kununua karatasi ya bei. Chukua manila mbili nyeupe, ziunganishe kwa nyuma na ukanda wa karatasi na gundi ya unga wa ngano, sio gluu ya dukani maana inakunja karatasi ikipata rangi ya maji. Acha ikauke chini ya kitu kizito usiku mzima. Piga miraba ya sentimita tano kwa penseli nyepesi sana, upande wa heroe mdogo utapata kama miraba kumi na saba kwenda juu. Miguu anza nayo wewe, watoto wengi wanaifanya mifupi, miguu ya heroe ni karibu nusu ya urefu wote na goti lile linalokunjika nyuma ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu ndani ya manyoya. Wakishaelewa hilo wengine watashangaa wenyewe. Miraba futa kwa kipande cha mkate wa jana kabla ya rangi, kifutio cha mpira kinachubua manila.